Kwa nini mtu anafika mlango wa spa, anachungulia, kisha anaondoka? Natengeneza mapokezi Shangani, naomba maoni

#1 Binti_Ligula
Habari za jioni wadau.

Nimekodi nyumba Shangani, Mtwara, ya kufungua spa: masaji, singo (mchanganyiko wa kunukia wa kusugulia mwili), matunzo ya miguu na kucha. Vyumba vya ndani nimeshavipanga. Kazi imebaki kwenye sebule ya mbele itakayokuwa mapokezi. Ni mita 4 kwa 5, mlango unatazama magharibi, dirisha kubwa lipo upande wa kusini.

Nimekaa mapokezi kwenye hoteli na saluni kadhaa, Mtwara na Lindi mjini, na kote nimeona jambo lilelile. Mtu anashuka kwenye bajaji, anafika mlangoni, anaweka kiganja kwenye kioo ili aone ndani, anachungulia. Ukinyanyuka kumkaribisha anasema "nitarudi baadaye dada", na ndiyo basi. Wengine walishapiga simu wakauliza bei wakaridhika, kwa hiyo hela si sababu.

Mimi naamini chumba chenyewe ndicho kinachomrudisha. Kaunta ndefu inayomkabili mtu mlangoni, mhudumu anaonekana kichwa tu, taa nyeupe kali, kiyoyozi nyuzi 18, kochi la ngozi bandia linalonata mapajani. Nataka mtu akivuka kizingiti ajue amefika kwa watu.

Mnaojua kazi hizi nielekezeni: kaunta ikae wapi, taa gani, viti gani, nini kiwepo na nini kisiwepo kabisa. Fundi anaanza wiki ijayo.

#2 Mpitanjia_Masasi
Weka picha au hata mchoro wa mkono tuone. Hongera kwa kuthubutu.

#3 Seremala_Lindi
Kaunta ndiyo mchawi wako, nakubaliana nawe. Nimezitengeneza nyingi na wenye biashara wanataka zilezile: urefu wa kwenda juu sentimita 110 au 115, upana mita tatu, mbele imefungwa kabisa. Mteja anakutana na ukuta. Anasimama mbele yake kama yupo dirisha la polisi, anatakiwa ajieleze.

Fanya hivi. Isogeze pembeni, isimkabili anayeingia uso kwa uso. Akiingia, macho yake yaanze kuona kiti, halafu mtu. Sehemu moja ya kaunta iwe juu sentimita 100 kwa wanaosimama kulipa, sehemu nyingine ishuke hadi 75 au 80, na mbele yake weka kiti ili mgeni azungumze akiwa amekaa. Kwa chumba cha mita 4 kwa 5, kaunta isizidi mita moja na nusu.

Mbao tumia mninga au mkongo. Mninga hauchezi sana unyevu unapobadilika, na kwenu pale baharini unyevu ni wa mwaka mzima.

#4 Kijana_wa_Newala
Kwa nini asiweke ya mpingo kabisa? Tupo kusini, mpingo ndio wetu.

#5 Seremala_Lindi
Kijana_wa_Newala, mpingo hautoi mbao pana. Mti wenyewe mdogo, umejipindapinda, unakua kwa miaka mingi sana, na mara nyingi moyo una uwazi. Ndiyo maana unaishia kwenye vinyago na ala za muziki za kupuliza. Na ni mzito kiasi kwamba unazama majini. Dada akiutaka, autumie kwa vishikio vya milango na droo, mkono wa mteja utaugusa na ataujua. Kaunta ni mkongo au mninga, na anunue mbao zenye vibali vya TFS, wakala wa misitu, asije akasumbuliwa.

#6 Mama_Zuu
Binti_Ligula mwanangu, Mungu akufanyie wepesi. Ila nyote mnazungumzia mbao, na mimi nasema tatizo ni kioo.

Mji wetu ni mdogo. Mwanamke ameketi kwenye kochi anasubiri masaji, nje anapita shemeji yake, jirani yake, mwalimu wa madrasa wa mwanawe. Yeye hana baya analofanya, lakini hataki kuonwa akingoja kuvuliwa nguo. Anayechungulia hapo kwenye kioo anapima jambo moja tu: nikikaa pale, nitaonekana? Akiona ataonekana, anaondoka. Stara kwanza, hayo mengine baadaye.

Weka pazia, au ukuta mfupi mbele ya mlango, mtu akiingia anakata kona ndipo anafika kwenye viti. Nyumba za wazee wetu zilikuwa hivyo. Mlango ukifunguliwa mpita njia haoni uani.

#7 Dereva_wa_Kusini
Mama Zuu shikamoo. Naomba nipingane nawe kwa heshima.

Sisi wanaume shida yetu ni ya upande wa pili. Nikiona spa imefungwa mapazia na vioo vya giza, siingii, kwa sababu ya sifa ambayo baadhi ya nyumba za masaji zimejipatia. Nina mgongo mbovu wa safari ndefu, Dar hadi Mtwara kwa lori si mchezo. Nilipata masaji nzuri sana mahali ambapo mlango uko wazi, mapokezi yanaonekana kutoka barabarani, kuna mama mtu mzima amekaa. Mke wangu mwenyewe alinisindikiza akaona, akaridhika.

Kwa hiyo dada akiweka pazia anawafukuza watu kama mimi.

#8 Mama_Zuu
Marahaba Dereva. Basi wewe na mkeo mna hoja. Lakini wateja wake wengi watakuwa wanawake, ndio wa kupewa kipaumbele.

#9 Mchora_Ramani
Mnaweza kupata vyote viwili. Gawa hiyo sebule. Mita moja na nusu ya mwanzo iwe wazi: kaunta, bei ukutani, mhudumu, kila anayepita aone kwamba hapa ni biashara halali. Baada ya hapo weka kizuizi cha mbao zenye nafasi nafasi, au kimiani cha mwanzi, na nyuma yake ndiyo viti vya kusubiria. Barabarani wanaona mapokezi, hawaoni anayesubiri.

Kioo kinaweza kuwekwa stika ya ukungu kuanzia usawa wa sentimita 80 hadi 160 hivi. Mwanga unaingia, miguu na kichwa cha anayesimama vinaonekana, uso wa aliyekaa hauonekani.

#10 Taa_na_Nyaya
Mimi fundi umeme. Chukua boksi la balbu lolote pale nyumbani kwako, soma pembeni. Kuna namba inaishia na K. Nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni 6500K, ule weupe wenye ubuluu. Inafaa duka la dawa. Ngozi ya mtu chini ya taa hiyo inaonekana imepauka, na mtu aliyekuja kutunza ngozi yake akijiona kwenye kioo cha mapokezi amepauka, unadhani atabaki?

Nunua 2700K hadi 3000K, rangi ya manjano tulivu. Usiweke taa moja kubwa katikati ya dari. Weka ndogo ndogo pembeni: moja juu ya kaunta, mbili zinazomulika ukuta, moja ya kusimama karibu na viti. Fundi jipsamu atakushawishi aweke mistari ya taa za buluu na zambarau darini. Mkatalie.

Halafu inveta na betri kwa ajili ya taa za mapokezi na ukorido. Umeme ukikatika mteja akiwa amelala ndani, giza la ghafla litamtoa mbio.

#11 Mzee_wa_Mikindani
Hamjambo vijana.

Nendeni Mikindani mkatazame, ni kama kilomita 10 tu kutoka mjini. Nyumba za zamani zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya kuchonga, na nje kuna baraza. Mgeni hakuingia ndani moja kwa moja. Alikaa barazani, akapewa maji, akaulizwa habari za atokako. Shida yake alisema mwenyewe alipokuwa tayari.

Hawa wa siku hizi wanamuuliza mtu "nikusaidie nini?" hata hajakaa. Binti, jenga baraza nje ya mlango wako, ya sementi, kimo cha sentimita 45, iwe na kivuli. Anayechungulia atakaa kwanza. Akishakaa amekuwa mgeni wako.

Pale Boma alipokuwa akikaa Livingstone, angalia walivyotengeneza sehemu ya kuingilia. Ukiingia unapata kivuli na hewa kabla hujakutana na mtu.

#12 Msoma_Historia
Shikamoo mzee. Hoja ya baraza ni nzito, ila Livingstone hakuwahi kukaa Boma. Yeye alipita Mikindani mwaka 1866 akielekea bara, akafariki 1873. Boma lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895. Baadaye liligeuzwa hoteli, na kuhusu sehemu ya kuingilia uko sahihi.

#13 Mzee_wa_Mikindani
Marahaba. Ahsante kwa masahihisho mwanangu. Baraza inabaki palepale.

#14 Binti_Ligula
Nashukuruni sana. Wazo la Mchora_Ramani la kugawa sebule limenikaa. Baraza pia naitaka, ila mlango unatazama magharibi, jua la alasiri linapiga pale hadi linapozama. Nani atakaa?

#15 Kaskazi_na_Kusi
Kwa joto, hilo dirisha la kusini litakusaidia. Sisi tupo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linakaa kaskazini mwaka mzima. Upande wa kusini ni kivuli tupu. Weka viti hapo.

#16 Mchora_Ramani
Kaskazi_na_Kusi, hilo ni kweli kwa Johannesburg, kwa Mtwara hapana. Sisi tupo nyuzi 10 hivi kusini. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Oktoba na tena Februari. Katikati hapo, Novemba hadi Januari, adhuhuri jua liko kusini kwetu. Ndiyo miezi ya joto kali. Hilo dirisha litapata jua wakati usioutaka.

Habari njema ni kwamba linakuwa juu sana, kwa hiyo kipande cha paa kilichotokeza sentimita 60 juu ya dirisha kinatosha kulizuia. Adui wako ni magharibi. Jua la saa kumi linaingia chinichini, paa haliwezi kulizuia. Hapo unahitaji mti, au makuti ya kuning'inia, au kizuizi cha mbao za kusimama. Ukifanya hivyo baraza ya mzee inakalika.

Na upepo usiusahau. Kusi itaingia kwa dirisha hilo kuanzia Aprili hivi, wakati joto limeshapungua. Wakati wa kaskazi, ndipo kuna joto, upepo unatoka kaskazini mashariki, na mapokezi yako hayana tundu upande huo. Toboa juu ya mlango wa ndani, hewa ipite kutoka uani.

#17 Kaskazi_na_Kusi
Nimekuelewa mkuu. Basi apunguze kiyoyozi aweke panga boi. Mtu anatoka juani kaloa jasho, anaingia kwenye nyuzi 18, anapigwa na ubaridi mwili mzima. Nyuzi 25 au 26 na panga boi linazunguka taratibu zinamtosha, na bili ya umeme inapumua.

#18 Dada_Somo
Nimesoma zote. Naona hakuna aliyesema habari ya harufu, na sisi watu wa pwani tunamjua mwenye nyumba kwa harufu ya nyumba yake.

Kazi yangu ni kusinga mabibi harusi. Singo naitengeneza mwenyewe: liwa, karafuu, maua ya asumini na mawaridi, mchele uliosagwa, mafuta ya nazi au ya ufuta. Bi harusi akiletwa kwangu anakuja na shangazi, mama mdogo, marafiki watano. Hawaji mmoja mmoja! Sasa hizo spa za viti viwili wataketi wapi? Wakikosa pa kukaa wanamchukua mwali wao wanaondoka. Kwa maoni yangu hao wanaochungulia wengine ni watangulizi, wametumwa kuangalia kama patatosha. Weka mkeka mkubwa wa ukili na mito pembeni, watu kumi wanakaa palipokuwa na kochi moja.

Udi fukiza asubuhi kabla hujafungua, ukiwa unafagia. Usifukize wateja wakiwepo. Halafu kikombe cha chai ya mchaichai, chungu kiwe kinachemka polepole uani. Harufu hiyo peke yake inaita.

#19 Nesi_Mstaafu
Dada Somo amesema jambo kubwa kuhusu udi. Moshi unachokoza pumu, na wajawazito wengi harufu kali zinawatapisha. Mashine za kupulizia mafuta ya harufu nazo ni hivyohivyo. Mapokezi yawe na hewa safi kuliko vyumba vyote.

Ila singo na mafuta, mhudumu aulize mzio kabla. Na aulize kwa faragha, asipige kelele kutoka kaunta "dada una presha? Una mimba?" watu wote wanasikia. Hiyo sehemu ya chini ya kaunta aliyosema Seremala ndiyo ya kuulizia, kwa sauti ndogo.

#20 Kijana_wa_Newala
Mapambo je? Ukutani aweke vinyago vya Kimakonde. Barakoa za mapiko mbili tatu, na kinyago kikubwa cha shetani mlangoni. Watalii watapenda.

#21 Mmakonde_Halisi
Kijana, mapiko yana mahali pake na wakati wake. Ni mambo ya ngoma na jando, wazee hawafurahi kuyaona yametundikwa juu ya taulo. Najua yanauzwa, najua wengi wanayatundika. Dada akiniuliza mimi, nitamwambia achague kinyago cha ujamaa, watu wamebebana kutoka chini hadi juu. Kinafaa mapokezi. Na cha shetani kiache. Macho yametoka, ulimi nje, mtoto akiingia na mama yake anaanza kulia.

#22 Mwana_Lindi
Ndiyo maana nasema Lindi tumestaarabika. Mtwara mnataka kumkaribisha mtu kwa shetani mlangoni 😀

#23 Mtwara_Kuchele
Mwana_Lindi, nyie mna dinosaria wa Tendaguru na mwenyewe yupo Berlin tangu Wajerumani walipomchimbua 1909 hadi 1913. Mrudisheni kwanza ndiyo mje kutufundisha mapambo.

#24 Mwana_Lindi
Hapo umenigusa. Namfuatilia.

#25 Mpitanjia_Masasi
Turudi kwenye mada jamani. Viatu vivuliwe au visivuliwe?

#26 Mama_Zuu
Vivuliwe. Nyumba safi inavuliwa viatu. Karibu na mlango weka bomba fupi na kata, mtu aoshe miguu, apewe kandambili safi. Mtu akishaoshwa miguu ameshapokewa.

#27 Mhasibu_Mpole
Nasubiri nione atakayekubali kuacha viatu vyake vya laki moja nje ya mlango. Mimi siingii. Pengine hao wanaochungulia wanaona rundo la viatu tu, wanaghairi.

#28 Nesi_Mstaafu
Rafu ya viatu iwe ndani, nyuma ya kizuizi. Na asiachwe mtu peku. Mwenye kisukari anaweza kujikata mguu asisikie maumivu, kidonda kikamsumbua miezi. Sakafu nayo iwe kavu. Marumaru zinazong'aa zikiingia maji na mafuta ya nazi ni hatari, achukue zile zenye uso mkavu usioteleza.

#29 Mwenye_Kigari
Natumia kiti cha magurudumu, naishi Mtwara. Sababu inayonifanya mimi niishie mlangoni ni fupi: ngazi tatu.

Binti_Ligula, kama nyumba yako ina ngazi, weka mteremko. Kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni 45, kwa hiyo mteremko ni mita 5 na sentimita 40. Ukifupisha, mtu atahitaji kusukumwa, na wengine tutaanguka kinyumenyume. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 90, na ndani pawe na duara la mita moja na nusu la kugeukia. Hicho kizuizi cha Mchora_Ramani kikikaa karibu mno na mlango kitanifungia nje kuliko hata ngazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ipo, na inatambua haki yetu ya kufikia majengo yanayohudumia umma.

Mwili wangu unakaa kwenye kiti siku nzima. Masaji naihitaji kuliko wengi wenu.

#30 Mchora_Ramani
Mwenye_Kigari, ahsante. Kizuizi kisogee hadi mita moja na sentimita 80 kutoka mlangoni. Viti vitapungua, mkeka wa Dada Somo utabana, lakini ndivyo inavyotakiwa. Dada, ngazi zako ngapi?

#31 Binti_Ligula
Mbili. Mbele nina nafasi ya kutosha ya mteremko, nitauzungusha pembeni mwa baraza. Mwenye_Kigari nakushukuru kutoka moyoni.

#32 Korosho_Ghafi
Mnazungusha sana. Angalia kalenda. Oktoba hadi Desemba minada ya korosho ikichangamka, mtu akilipwa anaingia kila mahali, hata saluni yenye kochi bovu inajaa. Februari hachungulii hata mtu mmoja. Mapokezi hayana uhusiano.

Na mezani weka korosho za kubanguliwa, mgeni atafune akisubiri. Mtwara hatuwezi kukosa hilo.

#33 Nesi_Mstaafu
Korosho zina mzio mkali kwa baadhi ya watu. Ziwe kwenye chombo chenye kifuniko, mtu aombe. Na anayetoa masaji asizitafune halafu akamshika mteja usoni.

#34 Dereva_wa_Kusini
Korosho_Ghafi, bei mwaka huu mnaionaje huko Tandahimba?

#35 Korosho_Ghafi
Anzisha uzi wake mkuu, hapa tutafukuzwa.

#36 Mhasibu_Mpole
Kuhusu bei: bango la bei lionekane tangu mlangoni. Namjibu Binti_Ligula aliyesema hela si sababu. Mtu aliyepiga simu akaambiwa elfu thelathini, akifika akaona chumba cha kifahari anaanza kuogopa kwamba ndani kutakuwa na nyongeza. Anaondoka kwa aibu ya kuuliza. Andika huduma, muda, bei kamili, na lipa namba hapohapo. Usimwachie mtu kazi ya kuuliza.

#37 Binti_Ligula
Mhasibu, kwenye hoteli moja tulikuwa na bango kubwa la bei na bado walikuwa wanarudi. Kwa hiyo sidhani kama bei peke yake inaeleza.

#38 Mhasibu_Mpole
Lilikuwa kwa shilingi au kwa dola?

#39 Binti_Ligula
Kwa dola.

#40 Mhasibu_Mpole
Basi umeshanijibu.

#41 Ngoma_za_Pwani
Sauti! Chumba cha marumaru na jipsamu na kioo kinarudisha kila sauti. Mhudumu akifunga droo inalia mpaka chumba cha masaji. Mikeka, mapazia mazito, mito ya vitambaa vya kitenge, vyote vinanyonya mwangwi. Sabufa iondoke.

Muziki wa chini, ala tu. Ila ujue kupiga muziki kwenye biashara kuna haki za wasanii, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inahusika. Ukitaka kuepuka, acha madirisha wazi. Shangani bahari inasikika bure.

#42 Mlinda_Siri
Nyote mmesahau kamera na daftari. Mtu anaingia mapokezi anaona kamera imemwelekea usoni, na kaunta kuna daftari la wageni limefunguliwa: jina, simu, mtaa, huduma. Anasoma majina ya waliotangulia! Naye anajua jina lake litasomwa na atakayefuata. Mimi niliondoka mahali kwa sababu hiyo.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya ni nyeti, hazikai mezani. Tumia kadi moja kwa kila mtu, iingie kwenye droo yenye ufunguo. Kamera ielekee mlangoni kwa nje, na uweke tangazo kwamba ipo.

#43 Mama_Zuu
Mlinda_Siri, unaona sasa? Tangu mwanzo nasema stara.

#44 Mhudumu_wa_Zamani
Samahani nitawapinga wote. Nimekaa mapokezi kama dada. Chumba kinaweza kuwa na mkongo, ukili, taa za manjano na kila kitu, lakini mhudumu akiwa ameinama kwenye simu, mtu anaondoka. Na mhudumu anainama kwenye simu kwa sababu amekaa kwa muda wa saa kumi na mbili, kiti chake kibovu, hana pa kula, chakula cha mchana anakificha chini ya kaunta. Wabunifu wanapanga upande wa mteja tu. Nyuma ya kaunta wanatupa mtu na ndoo ya deki.

Dada, tengeneza upande wa ndani kwanza. Kiti chenye mgongo, feni yake, mahali pa mkoba, chumba cha kulia chakula. Aliyepumzika anasimama mwenyewe kumpokea mtu bila kuambiwa.

#45 Seremala_Lindi
Hili la 44 nimelinukuu kwenye daftari langu la kazi. Nitaongeza rafu ya ndani na nafasi ya magoti.

#46 Mzee_wa_Mikindani
Na asikae ndani ya kaunta. Akae barazani. Mtu hachungulii nyumba ambayo mwenyewe yuko nje.

#47 Mhudumu_wa_Zamani
Mzee shikamoo. Barazani juani, na simu ya ofisi inalia ndani?

#48 Mzee_wa_Mikindani
Marahaba. Jua limeshazuiwa na Mchora_Ramani. Simu atoke nayo.

#49 Fundi_Chokaa
Neno moja la kuta kabla hamjapaka rangi. Kama nyumba ni ya zamani ya mawe, msisiribe kwa sementi na rangi ya plastiki. Unyevu unanasa ndani, baada ya masika moja chumvi inatoka nje, rangi inabanduka mapande mapande, na kochi lililogusa ukuta linaota ukungu mgongoni. Tumia chokaa, ukuta upumue, na viti viwe mbali na ukuta kiganja kimoja. Chokaa nunua ya kiwandani, usimchukulie anayechoma matumbawe. Ghuba ya Mikindani imeumizwa vya kutosha na biashara hiyo.

Skrubu na bawaba chukua chuma cha pua namba 316. Ya 304 kwa hewa ya chumvi ya Shangani itaanza madoa ya kutu mapema.

#50 Binti_Ligula
Nyumba ni ya matofali, ila la viti kuwa mbali na ukuta nalichukua. Nimechora upya: mteremko na baraza nje, makuti upande wa magharibi, kaunta fupi kushoto, kizuizi cha mwanzi, nyuma yake mkeka na viti vinne vya mbao vyenye mito. Rafu ya viatu ndani. Pazia bado sijaamua, Mama Zuu na Dereva wamenigawa.

#51 Mama_Zuu
Weka. Jepesi, la kitenge. Lifunguliwe asubuhi, lifungwe kuanzia alasiri wanawake wanapotoka makazini.

#52 Dereva_wa_Kusini
Alasiri ndiyo na mimi nafika kutoka safari, Mama Zuu. Siku za wanaume na siku za wanawake je?

#53 Dada_Somo
Siku za wanaume ziwe Jumatatu na Jumanne. Alhamisi na Ijumaa ni zetu, harusi ni wikiendi.

#54 Mhasibu_Mpole
Spa mpya ikijifungia nusu ya wateja kila siku, kodi ya nyumba italipwa na nani? Mimi siafiki.

#55 Seremala_Lindi
Binti_Ligula, mengine mtakubaliana. Kabla fundi hajakata mbao, pima upana wa mlango wa mbele ukiwa umefunguka na unitumie. Kaunta ikiungwa karakana ikiwa mita moja na nusu kwa sentimita 70, lazima ijulikane itapita vipi. Kama mlango ni chini ya 80 nitaileta vipande viwili, niiungie hapohapo sebuleni.

#56 Binti_Ligula
Sasa hivi ni 78. Naupanua ufike 90 kwa ajili ya Mwenye_Kigari, kwa hiyo ije nzima.